Chaza Hawa Walikunywa Maji Wapi

Tulipokutana kusomeana kazi zetu mliniona nimekaa pembeni, sina hata ukurasa mmoja mkononi. Mkaniuliza nilikuwa wapi siku zote hizo, nikajibu kwamba nilisafiri. Mlicheka, kwa sababu mlijua sijatoka Dar. Ni kweli. Ukiitafuta safari yangu kwenye ramani ya nchi, ncha ya kidole inaifunika yote: Upanga, Kariakoo, Feri, ng'ambo ya maji, halafu kurudi. Lakini nimewahi kwenda Bukoba kwa basi na kurudi bila kuogopa hata robo ya nilivyoogopa siku ile. Basi nawaandikia yote hapa, ili msiniulize tena mbele ya watu.

Upanga hadi Kariakoo

Simu ya shemeji Elia ilinikuta naanika nguo barazani. Elia ni mume wa dada yangu Riziki, Mchaga wa Rombo, mwenye duka la jumla la vyombo vya plastiki Kariakoo, karibu na Mtaa wa Msimbazi. Wanaishi ghorofani, juu ya duka. Ni mtu wa maneno machache, na mara nyingi akitaka kitu hutuma ujumbe. Akipiga, ujue kuna jambo.

"Shem, njoo. Dada yako anataka chaza."

"Chaza?"

"Wabichi. Anasema wa kula hivyo hivyo, na ndimu. Mimi hata sijui huyo chaza ni mdudu gani."

Nilikaa juu ya beseni la nguo mbichi bila kujua nimekaa.

Riziki ana mimba ya pili. Ya kwanza aliipoteza ikiwa imeshaanza kucheza tumboni. Na wakati ule pia alitamani chaza wabichi, wale tuliokuwa tukiwagonga mawe na kuwafyonza tulipokuwa watoto Kilwa. Zahanati walimkataza, mama yetu akamkataza, sote tukamwambia avumilie. Mimba ilipotoka, daktari alieleza sababu, na sababu haikuhusu chaza hata kidogo. Lakini yapo maelezo ya daktari, na yapo yale yanayosemwa jikoni vyombo vikioshwa. Mjamzito hanyimwi anachokitamani. Hilo wanalijua Kilwa, na nilikuja kugundua kwamba Rombo wanalijua zaidi.

Nilitembea kwa miguu. Kutoka kwetu Upanga unapita nyumba zenye miiba ya chuma juu ya kuta, unapita harufu ya binzari kutoka madirishani kwa majirani zetu Wahindi, halafu mji unaanza kubana, sauti zinapanda, na kabla hujajiandaa Kariakoo imekumeza. Siku nyingine napenda kumezwa hivyo. Siku ile kila aliyenigusa bega nilihisi ananirudisha nyuma.

Juu ya duka nilimkuta Mama Elia, mama mkwe wa dada, aliyeteremka kutoka Rombo na mkungu wa ndizi kuja kusubiri mjukuu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona mikono mitupu?"

"Ndiyo kwanza nimepata habari."

"Habari haishibishi. Mwenzako ananikondea hapa. Nikimpa mtori wa ndizi, unarudi. Nikimpa wali, unarudi. Kilichobaki ni hicho kidude chenu cha baharini."

Riziki alikuwa amelala ubavu, mkono mmoja juu ya tumbo kama mtu anayeshika mlango usifunguke. Mifupa ya mashavu ilikuwa imejitokeza. Aliniita nikae karibu.

"Usinihubirie," alisema. "Nesi nimemsikia. Kasema hata yai bichi marufuku. Lakini mimi naogopa kula, na naogopa kutokula. Unanielewa? Nikila nikadhurika, nimemuua. Nisipokula yakatokea kama ya mara ile, nimemuua."

"Hukumuua mtu, dada."

"Basi nenda ukanitafutie ambao mtu anaweza kuniapia kwamba ni salama. Akiapa, nakula. Wasipopatikana, nitajua walitafutwa."

Hiyo ndiyo iliyokuwa safari yangu, ndugu zangu. Nilikwenda kutafuta kiapo.

Feri

Soko la samaki asubuhi lina mwanga wake. Magamba yanaruka kutoka kwenye visu na kung'aa hewani, na sakafu imelowa kiasi kwamba unajiona miguuni pako, kichwa chini. Nilipita kwenye changu, kwenye kolekole, kwenye pweza wanaotokota sufuriani. Chaza walikuwa kwa kijana mmoja mwenye aproni ya nailoni, nyama tupu, wamekwishachemshwa, wamepangwa mafungu juu ya sinia.

"Nataka wabichi," nilimwambia. "Wazima, wenye gamba."

"Wa kupika?"

"Wa kula wabichi."

Alimgeukia mwenzake wa meza ya pili. "We Side, huyu dada anakula chaza wabichi."

"Ameolewa na Mzungu," alisema Side bila kuinua macho kwenye samaki wake.

"Ni kwa mjamzito," nilisema.

Utani ukakatika hapo hapo. Yule kijana alifuta mikono kwenye aproni. Akaniambia kwamba wenye gamba anao kwenye ndoo chini ya meza, wameletwa alfajiri. Akaivuta. Walikuwa chaza wakubwa, wazuri, midomo imefunga. Akamgonga mmoja kwa kucha, naye akakaza zaidi. Roho yangu ilitulia kidogo. Kisha nikayatazama maji ndani ya ndoo.

"Haya maji umeyatoa wapi?"

"Hapo tu." Alinyoosha kidole ukingoni, ambako mashua zilikuwa zimefungwa na maji yalikuwa na rangi ya upinde wa mvua, rangi ile inayotoka kwenye injini. "Wasipopata maji si watakufa?"

Nilimuuliza kama anaweza kuapa kwamba mjamzito akiwala hatadhurika. Naamini alifikiria kwa dhati.

"Dada, mimi nakuapia wako hai. Walikopitia sikuapii."

Nilimshukuru. Nikiondoka nilimsikia Side akimwambia, "Umekosa mteja kwa sababu ya ukweli," naye akamjibu, "Mimba si mchezo, bwana."

Nilisimama nje ya soko nikitazama mlango wa bandari, meli zikiingia na kutoka kimya kama mawazo mabaya. Nilikuwa najua, kama mtoto yeyote wa pwani, kwamba chaza hatafuti chakula. Anakaa alipo na kuyanywa maji, siku nzima, na yote yaliyomo anayaweka. Mji mzima uko ndani yake. Mifereji yetu, sabuni zetu, mvua iliyoosha choo cha jirani na kushuka Mto Msimbazi hadi baharini. Ukimfungua unaona nyama nyeupe na maji maangavu. Huoni kingine chochote, na hicho usichokiona ndicho nilichokiogopa.

Ng'ambo

Nilivuka kwa pantoni. Foleni ilikuwa ndefu na jua lilikuwa limesimama juu ya vichwa vyetu. Mwanamke mmoja mbele yangu alikuwa na kuku kwenye kikapu na akaninunulia muhogo wa kuchoma kwa sababu, alisema, nilikuwa na uso wa mtu anayekwenda msibani. Nilikula nusu.

Kijana wa bodaboda alinifikisha mbali, ambako pwani inageuka na kuangalia bahari kuu, mji ukiwa mgongoni. Maji yalikuwa yamekupwa. Juu ya majabali, kanga imefungwa kiunoni, alikuwapo mama wa makamo akigonga chaza kwa kipande cha nondo. Anaitwa Bi Chausiku. Alinisalimia kabla sijamsalimia, akaniambia nivue viatu la sivyo mwamba utanivua ngozi.

Nilimweleza. Aliposikia mjamzito, aliweka nondo chini.

"Ana miezi mingapi?"

"Imepita nusu. Ya kwanza ilitoka."

"Basi hanyimwi." Akaanza kugonga tena, kwa kasi, akiwachagua wale walioshika upande wa mawimbi. "Lakini mwanangu, mimi siwali wabichi. Nilikula nikiwa mdogo. Siku hizi nachemsha."

"Kwa nini?"

"Kwa nini." Alicheka. "Siku hizi hata mvua siinywi."

"Lakini maji ya hapa ni safi."

"Yanaonekana safi."

"Unaweza kuniapia?"

"Niape mimi, ambaye nalala bila kujua ndani ya tumbo langu mwenyewe mna nini?" Akanitazama, akaona ninachokitafuta, akanihurumia. "Sikia. Hawa ndio wazuri nilio nao. Kama wapo walio salama, ni hawa. Kama hawapo, basi hawapo popote. Hicho ndicho kiapo changu, kimevunjika kabla hujakibeba."

Aliwatia kwenye gunia, akalilowesha kwa maji ya bahari, akalikamua. Akakataa malipo ya wale aliowaongeza juu, akasema hao ni wa mtoto. Na akanionya jambo moja, akilishika gunia ili nisiondoke kabla sijasikia: njiani, na hata nyumbani, nisiwape maji mengine.

"Wamefunga mdomo, wana maji yao ndani. Ukiwatia kwenye maji watafungua, watakunywa. Hapo hawatakuwa tena chaza wa huku. Watakuwa chaza wa hiyo ndoo."

Nilirudia maneno hayo njia nzima, kama mtoto aliyetumwa dukani.

Barabara ya bandari

Nilivuka tena, na upande wa mjini nilichukua bajaji. Barabarani malori ya makontena yalikuwa yamekaa kama ukuta, na jua lilikuwa linaingia kwa ubavu mpaka kwenye gunia langu. Nilivua ushungi, nikalifunika. Nilikuwa nimelipakata, na foleni ilipokwama nikaanza kulisikia. Tik. Kimya. Tik, tik. Halafu sauti kama mtu anayenong'ona akiwa na mate mdomoni.

Dereva aliniangalia kwenye kioo.

"Sista, samahani. Humo kuna nini?"

"Chaza."

"Ndo nini?"

"Viumbe vya baharini. Vina gamba."

"Viko hai?"

"Ndiyo. Lazima viwe hai."

Alifikiria. Lori mbele yetu lilisogea, yeye hakusogea. "Sasa unavipeleka wapi?"

"Kariakoo. Kuna mjamzito."

Akazima injini. Aligeuka taratibu, mikono akiionyesha yote miwili kama mtu anayezungumza na mwenye silaha. "Dada yangu, mimi sina ugomvi na wewe. Lakini kitu kiko kwenye gunia, kimefunikwa ushungi, kinaongea, kinapelekwa kwa mjamzito. Mimi nina watoto. Shuka tu kwa amani, hata nauli sitaki."

Nilifungua gunia nimwonyeshe. Ilikuwa kosa. Chaza mmoja alitoa povu, akaachia sauti, na dereva akaruka nje ya bajaji yake mwenyewe. Wapiga debe walicheka mpaka mmoja akakaa chini. Mimi sikucheka. Nilishuka, nikalibeba gunia begani, maji ya chumvi yakinitiririka mgongoni, nikitembea kati ya malori na kuwaza kwamba pengine kati yetu wawili yeye ndiye aliyeona sawasawa: mtu anayempelekea mjamzito kitu asichojua ndani yake mna nini.

Mtaa wa Msimbazi

"Pisha, pisha mzigo." "Dada wa samaki, unatulowesha." Nilipita katikati ya kelele hizo za mtaani, nikafika juu ya duka nikiwa nimelowa jasho na bahari. Riziki alisikia harufu kabla sijaingia. Aliinuka. Nawaambia, aliinuka mwenyewe kutoka kitandani, mtu aliyekuwa akishikwa mkono kwenda msalani, akaja mpaka mlangoni akaweka pua kwenye gunia na kufumba macho.

"Kilwa," alisema.

Mama Elia alilipokea gunia, akanitazama nilivyokuwa nanuka, akaniambia nikaoge kwanza. Na mimi, ambaye nilikuwa nimelilinda gunia lile dhidi ya jua, malori na uchawi, nilikwenda kuoga. Sikumwambia chochote. Ilikuwaje nikasahau? Nilidhani nimefika.

Nilipotoka, nilikuta beseni jipya la buluu kutoka dukani, limetiwa maji mpaka katikati, na chaza wangu wamelala ndani. Walikuwa wamefungua midomo. Walikuwa wanakunywa.

"Mama," nilisema. "Umewapa maji?"

"Wametoka mbali, mwanangu. Hata mtu akitoka mbali, kabla hujamuuliza habari unampa maji. Nikatia na chumvi, wasione ugeni."

"Maji ya wapi?"

"Ya kwenye pipa. Bomba halijatoa tangu juzi, tumenunua ya mkokoteni."

"Na mwenye mkokoteni aliyachota wapi?"

Mama Elia alinitazama kama niliyemuuliza upepo umetoka wapi. Nyuma yake, mezani, Riziki alikuwa ameshafungua chaza kwa kisu. Ndimu imekamuliwa. Alikuwa amemshika kwa vidole viwili, gamba limeinama kuelekea mdomoni, na uso wake ulikuwa na furaha ambayo sijaiona tangu alipompoteza yule wa kwanza.

Nawaambia ukweli, mimi ninayeishi kwa maneno, sikupata hata neno "acha".

Aliyemzuia ni Mama Elia, na hakumzuia kwa sababu ya maji.

"Ngoja," alisema. "Sijaonja."

Kwao mgeni hapewi kata ya mbege, pombe yao ya ndizi, mpaka mwenyeji aonje mbele yake. Unachokitia kwenye tumbo la mwenzako, kwanza kipite kwenye lako, aone kwamba humo ndani hakuna ubaya. Mama Elia hajawahi kula hata dagaa. Samaki humwita nyoka mwenye mapezi. Lakini alimnyang'anya Riziki lile gamba kwa upole, akafumba macho, akamimina, akameza.

Alikaa hivyo, macho yamefumbwa, kiganja juu ya kifua.

"Kumbe bahari ina kamasi," alisema mwishowe.

Elia, aliyekuwa amepanda kutoka dukani, alicheka, na mimi ndipo sauti iliponitoka. Niliwaeleza yote: Feri, majabali, maneno ya Bi Chausiku, beseni. Nilipomaliza hakuna aliyecheka tena. Riziki aliweka kisu mezani na mikono yote miwili akairudisha tumboni. Mama Elia alilitazama beseni lake la ukarimu, kisha akanitazama mimi, na kwa mara ya kwanza nikaona kwamba yeye pia alikuwa anaogopa tangu alipoteremka Rombo, tena labda kutushinda sote.

"Basi hawa asile," alisema. "Mpaka tuone mimi nitaamkaje."

Kurudi Upanga

Elia alinipigia kukipambazuka. Mama alikuwa ametapika, tumbo linamkata, hawezi kusimama. Walimleta kwenye zahanati moja ya huku kwetu Upanga, na nilifika mbio nikamkuta amelazwa, dripu mkononi, midomo mikavu. Riziki alikuwa kwenye kiti pembeni yake. Hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kumwangalia mwenzake. Sote tulikuwa tunaona kitu kimoja: nani angekuwa kwenye kitanda kile, na nani ndani yake.

Daktari alipita, akasema anaendelea vizuri, maji ya dripu yakiisha ataruhusiwa. Akauliza alikula nini. Mama Elia alijibu mwenyewe.

"Nimekula tamaa ya mkwe wangu."

Daktari akaandika kitu kingine.

Alipoondoka, Mama Elia alimwashiria Riziki asogee. Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini ilikuwa sauti ya mtu anayefunga kikao cha ukoo.

"Nisikilize. Mtoto huyo ni wa nyumba yangu. Nilichokula mimi, nyumba imekula. Alitaka chaza, chaza ameliwa. Hakunyimwa. Akija kuuliza huko mbele, mwambie bibi yako alikula kwa niaba yako, na hakukipenda."

Riziki alitaka kucheka, akalia. Alilia kwa muda mrefu, kichwa kwenye shuka la mgonjwa, na yule mama akampapasa kwa mkono usiokuwa na sindano. Nilikuwa nimezunguka mji mzima kutafuta wa kuapa, na sikumpata. Aliyepatikana hakuapa. Alikula.

Alasiri nilirudi nao Kariakoo. Wale chaza wengine nilikuwa nimewachemsha kwa muda mrefu jioni iliyopita, na hakuna aliyetaka kuwagusa. Nikawakuta kwenye sufuria, wamejikunja. Niliwamwaga. Mama Elia, akiwa amelala kwenye kochi, alielekeza mtori upikwe vipi, ndizi ziondolewe nyuzi vipi, nyama ikatwe vipi, akalalamika kwamba sisi wa pwani tunakoroga kama tunaotafuta kitu kilichopotea. Riziki alikula bakuli lote. Tulikaa tukimtazama, tukisubiri mtori urudi. Haukurudi.

Mimba bado ipo. Nawaandikia hivyo tu, sithubutu kuandika zaidi. Nikienda kuwatembelea napanda ngazi polepole, nasikiliza kwanza mlangoni.

Juzi nilimkuta Mama Elia amesimama chini, mbele ya duka, na muuza mchicha aliyebeba mafungu yake kwenye ungo. Mchicha ulikuwa mzito na wa kijani kibichi, unang'aa matone. Mama Elia alichukua fungu, akaligeuza, akanusa mizizi.

"Mzuri," alisema. "Umekunywa maji wapi?"

Yule mwanamke alicheka, akidhani ni utani. Mama Elia hakucheka. Alisimama pale, fungu mkononi, watu wakimpita huku na huku, akisubiri kujibiwa.